Mtunza Stoo Alisema Kamba Isikatwe

Kwanza zilikuja fulana. Za njano, mgongoni zimeandikwa PAMOJA TUNAWEZA, zote saizi moja: mimi inanifika magotini kama kanzu, dereva wetu inamkomea kitovuni. Idara ya utawala iliziagiza bila kumuuliza mtu saizi yake. Ushirikiano ulianzia hapo.

Ofisi yenyewe siitaji, bado nakula humo. Ina idara zinazotenganishwa na ukuta wa jipsamu, kiasi kwamba mtu wa ununuzi anamsikia wa uhasibu akipiga chafya, lakini akitaka kumwambia kitu anaandika dokezo. Dokezo linapanda kwa mkuu wake, linavuka kwa mkuu wa kule, linashuka, na likifika jambo lenyewe limeshaoza. Mimi nilikuwa na kesi ya masurufu. Nilitumwa Dodoma, nikarudi na risiti zangu zote, moja ikawa imefifia kwa jasho la mfukoni. Dada wa uhasibu akalirudisha faili na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Haisomeki. Rekebisha." Risiti unairekebishaje? Tangu hapo tukikutana kwenye ngazi tulisalimiana kwa nyusi tu.

Mkurugenzi akaona hali si hali. Akatangaza Jumamosi wote twende Bagamoyo tukajengwe moyo wa kushirikiana, na mwezeshaji ameshalipwa.

Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye kipaza sauti, ingawa sauti yake ilitosha kufika Zanzibar bila msaada. Alitukalisha chini ya minazi, akatusimulia habari za Mfaransa mmoja aitwaye Ringelmann, mhandisi wa kilimo. Huyo bwana alipima nguvu za watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Mtu akivuta peke yake anatoa nguvu zake zote. Wakivuta wanane, kila mmoja anatoa kama nusu.

"Kwenye kundi, watu wanategea!" akanguruma.

Idara nzima ya uhasibu ikageuka kuwatazama watu wa masoko.

"Kwa hiyo leo hakuna makundi. Wawili wawili, mguu wako na wa mwenzako vinafungwa pamoja, mnakimbia mpaka kwenye bendera ile na kurudi. Mkiwa wawili, utategea wapi?" Na wawili hao walitakiwa wawe watu wasioelewana. Nikadhani tutaulizwa, kumbe Mkurugenzi alikuwa na orodha tayari, imechapwa, ina muhuri. Jina langu lilikuwa pembeni ya jina la dada wa uhasibu. Mkurugenzi mwenyewe alijipanga na dereva, wana lao la muda mrefu kuhusu mafuta ya gari.

Sasa kamba. Mtunza stoo wetu ni mzee wa Korogwe, na kwake kamba ni katani, nyingine zote ni nyuzi za kufungia maandazi. Ukikaa naye dakika tano atakueleza jinsi Mjerumani Hindorf alivyoleta mmea huo mwaka 1893, ukitokea Florida, miche 62 tu ikafika ikiwa hai. Kuna watu hawajui jina la babu yao mzaa babu, mzee huyu anajua ukoo wa katani. Alikuja na vipande 14 vya kamba, vocha ya stoo na kalamu, kila jozi ikasaini. "Vimetoka 14," akasema, "nitavipokea 14." Kisha akatufunga mwenyewe, kwa fundo la kufungia ng'ombe mkorofi.

Kitu ambacho mwezeshaji hakukiuliza ni habari ya bahari. Siku hiyo ilikuwa bamvua. Pwani ya Bagamoyo ni bapa, maji yakikupwa yanakwenda mbali mpaka unajiuliza kama yatarudi, na yakirudi wakati wa bamvua yanapanda zaidi ya mita 3. Yeye aliikuta pwani kavu, akaipeleka bendera huko huko. Mvuvi mmoja aliyekuwa anakarabati ngalawa yake alituonya, "Maji yanageuka hayo," tukamjibu asante mzee, tukaendelea kujinyoosha.

Firimbi ikalia. Dada akawa anahesabu "moja, mbili", na mimi nikawa naanza na mbili. Tulikwenda kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Kufika kwenye bendera maji yalikuwa magotini, watu wa masoko wakatuangukia kwa nyuma, utawala wakawaangukia wao, na kwa muda kidogo idara zote zilikuwa kitu kimoja kwelikweli, chini ya maji.

Tuliporudi mchangani tunatema chumvi, hakuna fundo lililofunguka. Katani ikinywa maji nyuzi zinavimba, na fundo linajikaza. Mzee alitueleza hayo kwa furaha kabisa. "Si niliwaambia ni imara?"

Mwezeshaji akakimbia jikoni hotelini, akarudi na kisu. Mzee akasimama mbele yake.

"Kamba ya ofisi haikatwi bila kibali."

"Kibali cha nani, mzee?"

"Cha Mkurugenzi."

Mkurugenzi alikuwa chooni. Na dereva, bila shaka. Choo chenyewe ni kile cha makuti cha pwani, mlango mfupi, kwa nje unaona miguu minne, miwili imetulia na miwili inatapatapa.

Tukasubiri. Pilau ikawa tayari. Njaa haina idara: ikabidi tujifunze kutembea. Dada akasema, "Kaka, anza na mguu wa nje, wa ndani niachie mimi," na kweli tukafika kwenye foleni bila kuanguka. Yeye akashika sahani mbili, mimi nikapakua. Akataka kachumbari iliyokuwa upande wangu, nikamfikishia. Tulipokaa, kwa kuhesabiana tena maana kukaa nako ni kazi, nikaona hii ndiyo nafasi. Nikaitaja risiti ya Dodoma. Akatafuna, akameza.

"Kumbe ilikuwa jasho? Si ungesema! Mimi nilijua umeifuta kwa makusudi. Lete Jumatatu, nitapitisha."

Tukapeana mikono yenye mafuta ya pilau. Meza ya jirani, utawala na masoko walikuwa wanamaliza ugomvi wa kiyoyozi uliodumu tangu nianze kazi pale. Mwezeshaji alipita anapiga picha, uso umemng'aa, kana kwamba yote hayo alikuwa ameyapanga.

Kisha dada akaweka kijiko chini, akanitazama, akatazama kule kwenye choo cha makuti, akanitazama tena.

"Haiwezekani," akasema.

"Haiwezekani," nikakubali. Tukapiga kelele kwa pamoja, meza zote zikaitikia: "Bosi! Tukate?"

Sauti ikatoka kwenye makuti: "Kateni! Kateni zote!" Na nyuma yake sauti ya dereva: "Bosi, usisogee basi, tutaanguka!"

Mzee wa stoo akatikisa kichwa. "Hiyo nitaihitaji kwa maandishi."

Jumatatu aliyapata. Mkurugenzi alisaini maelezo ya ukurasa mzima, kwa sababu vipande 14 vilitoka na vipande 33 vikarudi, na leja haina safu ya mali inayozaana. Mimi nilikwenda uhasibu na risiti yangu, mlangoni nikapiga hodi kama mtu wa nyumbani. Dada akaipokea, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia.

"Lakini dada, Jumamosi tulikubaliana."

"Kaka yangu," akasema, anatafuta wino mwekundu, "Jumamosi nilikuwa nimefungwa kamba. Makubaliano ya mtu aliyefungwa kamba, hata mahakama haiyatambui."