Intaneti moja kwa vyumba vitano: tatizo si wingi wa watu

Katika nyumba za kupanga za Shangani, Ligula na Chuno mjini Mtwara, intaneti ya kuchangia imeanza kuleta ugomvi uleule ulioletwa miaka yote na mita moja ya umeme wa LUKU: nani anatumia zaidi, nani hajalipa, nani kawafungia wenzake. Mpangaji mmoja anaingiza faiba, au ruta ya laini ya simu, na wengine wanachanga. Mwezi wa kwanza mambo ni shwari, wa pili manung'uniko yanaanza, wa tatu nywila inabadilishwa usiku na kila mtu anarudi kwenye bando lake. Kutokana na hapo wengi wameamua kwamba intaneti ya nyumbani haichangiki. Naona uamuzi huo unawaonea wachangiaji, na wanaoumia zaidi ni wale ambao peke yao hawawezi kulipia laini yoyote.

Wanaokataa kuchangia wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya dhamana. Kompyuta zote zilizo nyuma ya ruta moja huonekana huko nje kwa anwani moja, yaani namba moja ya utambulisho kwenye intaneti. Mpangaji wa chumba cha nne akimtukana mtu au kumtapeli mtandaoni, uchunguzi utamfikia kwanza mwenye jina kwenye mkataba, na tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hilo si jambo la kupuuza. Tena kuna mstari kati ya kuchangia na kuuza. Anayeuza huduma ya mawasiliano kwa umma anatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mikataba mingi ya nyumbani inakataza kuiuza huduma tena. Kwa hiyo mwenye nyumba anayemtoza kila mpangaji ili apate faida amekwisha toka kwenye kuchangia.

Hoja ya pili ni kwamba mkiwa na laini moja, ikikatika mmekatika wote. Ni kweli, ila inatiwa chumvi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, simu zilikwama pamoja na faiba. Aliyekuwa na bando lake mwenyewe hakuokoka kwa sababu ya ubinafsi wa bando. Umeme ukikatika kwenye mtaa, hapo sawa, simu inaendelea na ruta inazima. Lakini ruta nyingi ndogo hutumia volti 12 au chini ya hapo, na betri ndogo inaweza kuishikilia.

Madai ambayo siyakubali kabisa ni kwamba kuchangia ni ujanja, kana kwamba laini iliumbwa kwa kompyuta moja na sisi tunaiibia. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ambao bado tunautumia, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazina kuu ya kimataifa iliishiwa nazo tarehe 3 Februari 2011. Wataalamu waliliona hilo mapema: mwaka 1996 walitenga rasmi anwani za ndani, zikiwemo zile zinazoanza na 192.168 ambazo karibu kila ruta inazigawa, ili mashine nyingi zitoke nje kwa anwani moja. Hata anayejigamba kuwa na bando lake, mara nyingi kampuni yake ya simu imemweka nyuma ya anwani moja na wateja wengine asiowajua.

Sasa nije kwenye kasi, kwa sababu ndiyo inayovunja uchangiaji. Malalamiko ni yaleyale kila nyumba: "Tuko wengi, laini haitoshi." Hesabu inasema vingine. Chukua laini ya megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na 2 za kupakia, yaani kutuma nje. Video nzuri ya HD inakula kama megabiti 5, kwa hiyo vyumba vitatu vinaweza kutazama kwa wakati mmoja na bado vikawaachia wengine nafasi ya kusoma na kuandika. Kinachoua nyumba ni ile 2 ya kupakia, ambayo hakuna anayeiuliza siku ya kulipia.

Mtu mmoja amerudi kutoka harusini Masasi na picha 300, kila moja megabaiti 3. Simu inashika waifai na kuanza kuzipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni yenyewe, bila hata mwenyewe kujua. Hizo ni megabaiti 900, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, ni sawa na megabiti 7,200. Kwa kasi ya megabiti 2 ni sekunde 3,600, yaani saa moja kamili. Katika saa hiyo simu inasukuma data kwa kasi kuliko laini inavyoweza kupokea, na ruta inazipanga zinazosubiri kwenye foleni. Foleni hiyo ikifikia megabaiti 1 tu, ni megabiti 8 zinazongoja kupita kwenye mlango wa megabiti 2: sekunde 4. Kila ombi la kila chumba linasimama nyuma yake. Hata anayepakua tu anakwama, kwa sababu kompyuta yake lazima itume uthibitisho kwamba imepokea, na uthibitisho nao uko foleni.

Sekunde 4 si jambo dogo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti ya mazungumzo isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Hapa tumezidisha mara 26. Mwanafunzi aliye kwenye kipindi cha mtandaoni anasikia mikwaruzo kisha kimya, anatoka chumbani akiuliza nani anatazama filamu, na hakuna anayetazama filamu. Hapo ndipo watu wasio na kosa wanapogombana. Wakinunua kifurushi kikubwa zaidi, hata kupakia kukawa megabiti 4, foleni ileile bado ni sekunde 2.

Dawa ipo, na haina gharama ya kila mwezi. Mwaka 2012 wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kuzuia foleni isirefuke, na mwaka 2018 toleo lake linalotenganisha foleni ya kila muunganisho, fq_codel, liliandikwa rasmi kama waraka wa intaneti. Limo ndani ya OpenWrt, programu huru inayowekwa kwenye ruta nyingi. Iambie ruta isipakie zaidi ya megabiti 1.8, na mwenye picha za harusi atamaliza kwa sekunde 4,000 badala ya 3,600. Anachelewa dakika chini ya saba! Wenzake wanne wanaendelea na shughuli zao kana kwamba hayupo. Kwenye ruta ya laini ya simu, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, njia hii haifanyi kazi kwa usahihi uleule. Huko ni afadhali kupangia kila kifaa kikomo, jambo ambalo hata ruta nyingi za bei ya chini zinaruhusu.

Laini nayo husingiziwa makosa ya kuta. Mikindani, kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, waifai ya masafa ya gigahezi 5 hufa ukuta wa pili. Waya wa mtandao unafika mita 100, na chumba cha nyuma kikiunganishwa nao, malalamiko ya huko yanakwisha.

Nayasisitiza haya kwa sababu ya wale wanaopoteza uchangiaji ukivunjika. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho inakwenda kwa mfumo wa mtandaoni wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ni ya mtandaoni. Kompyuta nne za Windows zikipakua masasisho kila moja kwa bando lake, data ileile inalipiwa mara nne, ilhali zikiwa kwenye ruta moja kuna mpangilio unaoziruhusu kugawiana zenyewe bila kurudi nje.

Hoja ya dhamana inabaki, na jibu lake halitoki kwenye ruta peke yake. Wageni wawekewe mtandao wao wenye nywila tofauti, na wachangiaji waandikishane majina kwenye karatasi kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa. Kwa watu wanaoishi ua mmoja na kufahamiana, hilo linatosha. Kwa jirani wa ng'ambo ya barabara anayeomba aunganishwe kwa malipo ya kila wiki, jibu langu ni hapana: humjui anayeshika kompyuta yake, na hapo mwenye laini amekuwa muuzaji asiye na leseni.