Pizza mmeleta, mkalimani yuko wapi?

"Dada, hii shule gani inafungia watoto gizani? Wamekosa nini?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo wiki iliyopita, ametoka shifti ya kiwanda cha nyama, viatu vya mpira bado miguuni. Ikabidi mimi nimweleze mama aliyekimbia vita Fizi, mashariki mwa Kongo, kwamba huku Iowa, Marekani, watoto hufundishwa kujificha ili siku mtu akiingia na bunduki wajue la kufanya. Taa zinazimwa, mlango unafungwa, darasa zima linajibana kwenye kona, hata kukohoa marufuku. Ni zoezi tu. Ila mwanawe wa miaka 12 angejuaje, na tangazo lilikuwa la Kiingereza?

Kukaribishwa alikaribishwa, tena kwa mbwembwe: begi jipya, fulana yenye nembo ya shule, pizza. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kukaa naye nusu saa amwambie kwa Kiswahili: kengele ya moto ikilia, toka nje. Ya kimbunga ikilia, usitoke. Piga magoti kwenye korido, funika kichwa. Wakitangaza kufunga milango, jifiche na unyamaze. Amri tatu zinazogongana, na mtoto anatarajiwa azisome usoni mwa wenzake huku moyo unamwenda mbio!

Halafu eti hajui lugha. Nyumbani kwao Kibembe, mtaani Kiswahili, darasani kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, Kifaransa, maana shule za Wakongo kambini hufuata mtaala wa kwao. Huku faili lake linasema "kiwango cha kwanza" cha Kiingereza, basi. Sawa.

Wala hili si jambo la hisani. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema kwamba kuwapa watoto vitabu vilevile na walimu walewale si usawa ikiwa hawaelewi kinachosemwa. Nami naongeza: na kengele zilezile.

Haya, walimu wana mzigo, nakubali. Darasa moja lina watoto wa Burma, Sudan na Honduras, na yule mwalimu wa Kiingereza cha wageni ni mtu wa watu, sina neno naye. Lakini laini ya wakalimani wa simu shule inayo! Juzi kijana mwingine wa hapa mtaani aliposukumana na mwenzake kwenye foleni ya chakula, mkalimani alipatikana chapuchapu, Kiswahili kimenyooka, mzazi akasomewa mashtaka yote mpaka nukta. Kumbe Kiswahili kipo, ila ni cha siku ya kosa.

(Kumweka kijana wa miaka 15 darasa la tisa kwa sababu ya umri tu, na shule aliiacha la nne, hilo nitaliandikia siku yake. Leo nina hasira za kutosha.)

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, mwezi wa nane mkienda kuandikisha, ulizeni mazoezi ya dharura yanafanywaje, na nani atamweleza mtoto kwa Kiswahili kabla ya zoezi la kwanza. Mkalimani ni haki yenu, na hamumlipii nyinyi. Wakikwambia mwanao atatafsiri, usibishane nao. Kaa hapohapo kwenye kiti mpaka simu ipigwe.