Basi la Kifaransa kwenye gereji za Poland: leseni ya Berliet ilikuwa kosa?

Mwaka 1972 serikali ya Edward Gierek, kiongozi wa chama cha kikomunisti cha Poland, ilitia saini mkataba na kampuni ya Berliet ya Ufaransa, na kiwanda cha Jelcz, karibu na Wrocław, kikapata haki ya kuunda basi la mjini la PR100. Miaka kumi baadaye basi hilo na mdogo wake PR110 yalikuwa mfano wa kwanza kutajwa na Mpolandi yeyote anayetaka kuonyesha jinsi mikopo ya Magharibi ilivyopotea. Lakini wapo watu wa viwanda na wa gereji wanaokataa kata kata. Wanasema basi lenyewe halikuwa na shida, shida ilikuwa kila kitu kilicholizunguka. Pande zote mbili zina ushahidi wa kushika mkononi, na ndiyo maana ubishi huu haujazikwa hadi leo.

Kwanza tuangalie lilichukua nafasi ya nini. Kabla ya Berliet, miji ya Poland ilibebwa na Jelcz 272 MEX, lililoundwa kuanzia 1963 kwa leseni ya Škoda 706 RTO kutoka Czechoslovakia. Kwa bodi lake la mviringo, watu walilibandika jina la tango. Injini ilikaa mbele, pembeni mwa dereva, kwa hiyo joto, moshi na kelele zote zilikuwa zake kwa zamu nzima. Ngazi zilikuwa ndefu, milango michache. Kwa mji unaokua kwa kasi, wenye viwanda vinavyotoa wafanyakazi maelfu kwa dakika zile zile, kila kituo kilikuwa foleni ya kugombania mlango.

PR100 lilikuwa jambo jingine kabisa. Injini ilihamia nyuma, sakafu ikashuka, milango ikapanuka, madirisha yakawa makubwa na dereva akapata kibanda cha maana. Berliet walikuwa wamelitoa sokoni mwaka mmoja tu kabla ya mkataba. Kwa hiyo hoja kwamba Poland iliuziwa mali iliyopitwa na wakati, kama ilivyotokea kwenye leseni nyingi za miaka ile, hapa haina miguu.

Basi ni nini kilichoharibika?

Tuanze na bodi. PR100 halikuwa na chesisi nzito kama ya lori. Uzito ulibebwa na bodi lenyewe: kimia cha mabomba ya chuma ya pembe nne yaliyochomelewa pamoja. Muundo huu ni mwepesi na imara, ila una masharti. Bomba likiwa wazi hata kwa tundu dogo la kuchomelea, maji huingia na hayana pa kutokea. Barabara za Poland humwagiwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na maji ya chumvi yaliyonaswa ndani ya bomba hulila chuma kutoka ndani kwenda nje. Fundi akipita na tochi chini ya gari haoni kitu. Siku atakapoona rangi inavimba kama lengelenge, ukuta wa bomba umeshakuwa karatasi. Kinga yake inajulikana: kuziba kila mshono, kutoboa matundu ya kutolea maji sehemu ya chini, na kunyunyizia dawa ya kuzuia kutu ndani ya mabomba. Kiwanda kinachosukumwa kutimiza idadi ya mpango wa serikali hakikuwa na subira ya kazi ambayo haionekani gari likitoka getini.

Kisha likaja badiliko la mwaka 1975. Milango miwili ya PR100 haikutosha kuteremsha na kupandisha umati wa asubuhi, kwa hiyo Jelcz wakarefusha basi hadi mita 12 na kuongeza mlango wa tatu. Hilo ndilo PR110. Ukiliangalia kwa jicho la abiria, uamuzi ulikuwa sahihi. Kwa jicho la mhandisi, umechukua bodi linalojibeba lenyewe, ukalirefusha, kisha ukakata ubavu wake mahali pengine tena. Kila mlango ni pengo kwenye ukuta unaobeba mzigo. Jaza humo watu waliobanana hadi ngazini, pitisha kwenye mawe ya barabara za zamani kila siku, na nyufa zinaanza pale pale unapozitarajia: pembe za fremu za milango na sehemu ya nyuma inayoning'inia na injini.

Nayo injini haikuwa tena ile ya Kifaransa. V8 ya Berliet iliachwa, ikawekwa SW680 ya kiwanda cha Mielec: silinda sita za mstari, lita 11.1, kwa leseni ya Leyland ya Uingereza iliyonunuliwa 1966. Giaboksi ikatoka Tczew, kwa leseni ya ZF ya Ujerumani Magharibi. Hapo una basi moja lenye leseni tatu kutoka nchi tatu. Kipenyo cha silinda ya SW680 ni milimita 127, yaani inchi 5 kamili, urithi wa Kiingereza ndani ya bodi lililochorwa kwa mita.

Wakosoaji hupenda kuicheka hatua hii. Mimi naona hapa wanakosea. SW680 ilikuwa tayari ndani ya malori ya Jelcz 315, kwa hiyo fundi wa mkoa wowote aliijua kuifungua na kuifunga, na pistoni, mabushi na nozeli vilipatikana nchini kwa zloty. V8 ya Kifaransa ilihitaji vipuri vya faranga. Kubadilisha injini ilikuwa akili ya kawaida. Tatizo ni kwamba injini ndefu ya lita 11 inataka nafasi na upepo mwingine, na hewa ya nyuma ya basi ni chafu: vumbi la magurudumu na ukungu wa dizeli hugandiana kwenye mapezi ya rejeta hadi yanaziba. Sindano ya joto inapanda basi likipanda mlima, dereva anaacha mfuniko wa nyuma wazi, na kwa kuacha mfuniko wazi anaongeza vumbi. Dawa ilikuwa kuosha rejeta mara kwa mara. Gereji yenye upungufu wa mafundi huosha rejeta siku basi linaporudi likiwa limevutwa.

Baridi nayo ilikuwa na yake. Milango na breki vinatumia upepo, na upepo uliobanwa hutoa maji. Matangi yasipomwagwa maji kila siku, usiku wa nyuzi kumi chini ya sifuri unagandisha vali, na asubuhi mlango haufunguki au haufungi. Hili halikuwa ugonjwa wa Berliet peke yake, kila basi la zama hizo liliupata. Ila basi lenye milango mitatu mipana lina vali na silinda nyingi za kuganda.

Watetezi wana kielelezo kimoja kinachouma. Ufaransa yenyewe iliendelea kuunda PR100 hadi miaka ya 1990 chini ya jina la Renault, na toleo lake la PR100.2 liliuzwa hadi Australia, likabeba abiria wa Perth na Canberra kwa miaka mingi. Mchoro ulikuwa na asili moja. Kama ungekuwa mbovu kwa asili, usingefika huko. Nyumbani Poland kwenyewe, bodi la PR110 liligeuzwa kuwa basi la umeme la nyaya, PR110E, na miji ya Gdynia, Lublin na Tychy ililitegemea wakati mabasi ya nyaya yalipokuwa yamekaribia kufutwa nchini. Huwezi kuliita taka kitu kilichookoa aina nzima ya usafiri.

Mimi naamini jibu halimo kwenye bodi wala injini. Limo kwenye daftari la fedha.

Deni la Poland kwa nchi za Magharibi lilikuwa takriban dola bilioni 1 mwaka 1970. Kufikia 1980 lilikuwa limepita bilioni 20. Leseni ilipangwa wakati dola za mkopo zikipatikana kirahisi, lakini mahitaji yake ya dola yaliendelea kila mwaka: sehemu ambazo viwanda vya ndani vilikuwa bado havijaweza kuziunda, na zile vilizoziunda vibaya. Dola zilipokauka, na hasa baada ya hali ya kijeshi kutangazwa tarehe 13 Desemba 1981, basi lililokosa kifaa kidogo cha nje liliegeshwa nyuma ya gereji na kuanza kutoa viungo vyake kwa wenzake. Mbaya zaidi, aliyeuza leseni naye alitoweka. Berliet ilichukuliwa na Renault katikati ya miaka ya 1970, na kufikia 1980 jina lenyewe lilikuwa limefutika.

Jelcz walijibu kwa namna inayosema kila kitu. Mwaka 1984 walileta M11: bodi la jamii ya PR110 likakalishwa juu ya mitambo ya basi la Ikarus 260 la Hungaria. Ikarus hilo lilikuwa na injini iliyolala chini ya sakafu, kati ya ekseli mbili. Kwa hiyo wamelichukua basi lililosifiwa kwa injini ya nyuma na wakahamishia injini katikati, chini ya miguu ya abiria. Kiufundi ni kurudi nyuma. Kifedha ilikuwa njia pekee, kwa kuwa Hungaria ililipwa kwa ruble za hesabu za ndani ya Comecon, umoja wa kiuchumi wa nchi za kikomunisti, si kwa dola.

Hapo ndipo wakosoaji hushika kipaza sauti: si wangenunua Ikarus tangu mwanzo? Warszawa ilifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970, na Ikarus 280, yale marefu ya mita 16.5 yenye mkunjo katikati, yalibaki barabarani mjini humo hadi 2013. Uimara huo haubishiwi. Lakini watu husahau mambo mawili. Kwanza, Ikarus nalo lilikuwa mtoto wa leseni: injini yake iliundwa na Rába mjini Győr kwa leseni ya MAN ya Ujerumani. Wahungaria hawakuwa mabingwa wa kukataa teknolojia ya nje. Walichokuwa nacho ni soko. Comecon iliwapa kazi ya kuunda mabasi kwa ajili ya kambi nzima, Umoja wa Kisovieti ukiwa mnunuzi mkuu, na 280 peke yake likaundwa zaidi ya 60,000. Kwa idadi hiyo, laini ya kutengeneza ekseli inajilipa. Jelcz hawakuwahi kuinusa idadi hiyo. Pili, sakafu ya Ikarus ilikuwa juu, na mama mwenye kigari cha mtoto alilipa gharama ya uamuzi huo kwa miaka thelathini na zaidi.

Linganisha na Fiat 126p, leseni ya 1971 iliyozaa magari zaidi ya milioni 3 nchini Poland kati ya 1973 na 2000. Injini ya silinda mbili inayopozwa kwa upepo, haina rejeta wala pampu ya maji ya kuharibika, na mtu aliweza kuishusha uani kwake. Sehemu ya gharama ililipwa kwa kuwapelekea Waitaliano bidhaa. Idadi kubwa, ufundi mwepesi, na leseni inayojilipa: Berliet ilikosa yote matatu.

Aliyeonyesha njia nyingine ni Solaris, kampuni ya mabasi ya Bolechowo, karibu na Poznań. Nayo ilianza kwa mgongo wa mtu, kama tawi la Neoplan, kampuni ya mabasi ya Ujerumani, miaka ya 1990, kabla ya kutoa Urbino, basi lake lenyewe, mwaka 1999. Solaris haikujaribu kuunda injini wala ekseli. Ilinunua injini za DAF, ikanunua ekseli za ZF, ikaelekeza nguvu kwenye fremu, na kwenye fremu ikatumia chuma kisichoshika kutu, pale pale PR110 lilipokufa. Mabasi yake yakauzwa hadi Berlin. Jelcz, ambayo enzi za Berliet ilitaka sehemu nyingi zitoke viwanda vya nyumbani, iliacha kuunda mabasi mwaka 2008. Mtetezi wa Jelcz atasema Solaris ilizaliwa kwenye nchi yenye soko huria na sarafu inayobadilishika, na atakuwa na haki. Mwaka 1975 hakuna meneja wa Kipolandi aliyeweza kupiga simu Ujerumani na kuagiza ekseli mia kwa wiki ijayo.

Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili halipo mbali hivyo. Matrekta ya Ursus yaliyounganishwa Kibaha chini ya NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, kwa mkopo kutoka Poland, yalitoka kwenye kiwanda kilichopita tanuri hili hili. Mwaka 1974 Ursus ilinunua leseni ya Massey Ferguson na injini za Perkins, ikajikuta na michoro ya inchi kwenye nchi ya mita, na miaka mingi ikapita kabla ya trekta za leseni hiyo kutoka kwa wingi wa kuonekana. Kibaha, Ursus ilikaa upande wa pili wa meza, ikiwa ndiyo mwenye michoro. Mwaka 2021 ikatangazwa kufilisika. Mkulima mwenye trekta hilo leo yuko pale alipokuwa meneja wa gereji ya Kipolandi mwaka 1980 Berliet ilipofutika: anachohitaji kujua ni kama mkataba ulimwachia mtu wa hapa nchini michoro, namba za vipuri na haki ya kuvitengeneza, au ulimwachia trekta tu.