Watu 17 kwenye karatasi moja

Jamani, nani alisema kompyuta inarahisisha kuandika noti za bendi kubwa ya jazi? Saksofoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, piano, gitaa, besi, dramu. Watu 17 kwenye karatasi ya A4! Nani ataona hapo? Unapanga mistari, programu inaivuruga. Unasogeza noti moja, alama za gitaa zinapanda juu ya piano. Kwa nini?

Halafu saksofoni ya alto ni ya E flati, ya tenori ni ya B flati, yaani noti ileile kwenye karatasi inatoa sauti tofauti kwa kila moja. Ukisahau kubonyeza kitufe kimoja tu cha kuzihamisha noti zao, mazoezini Sinza kila mtu anapiga wimbo wake!

Usiku wa manane, joto la Dar, umebakiza tromboni ya nne... pap! Umeme umekatika. Hukuhifadhi. Wenzangu, mnalala saa ngapi nyie?