Farasi wa Bure na Ua wa Kayaba

Mtu akikwambia kuna farasi anatolewa bure, muulize kwanza nyasi ni za nani. Mimi niliuliza rangi.

Ilikuwa Jumapili ya mbio pale uwanja wa Ngong Road, ambako farasi wanakimbizwa tangu 1954. Rafiki yangu mmoja, yule anayejua kila kitu isipokuwa kurudisha pesa za watu, akanieleza kwamba farasi wakistaafu mbio hutafutiwa makao. Bei wakati mwingine ni ndogo, wakati mwingine haipo kabisa, mradi mwenye mali aridhike kwamba huko aendako atatunzwa. Nami nina robo ekari Kiserian, banda la ng'ombe lisilo na ng'ombe, na miguu mirefu. Nilijiona niko tayari.

Mama watoto alikuwa anachambua ndengu. "Atakula nini?"

"Nyasi."

"Zipi?"

Nikatoka nje nikazitazama. Halafu nikachukua kalamu. Farasi wa kilo 500 anataka kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Robota la nyasi za boma rhodes lina kilo 15 hivi, ikiwa muuzaji ni mcha Mungu. Yaani halimalizi siku mbili. Ongeza maji, lita 30 na zaidi, fundi wa kwato kila wiki 6 hadi 8, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na chanjo ya kila mwaka ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Na kiumbe huyu huishi miaka 25 hadi 30, ilhali mbio huziacha bado kijana. Nikaona kifungua mimba wetu atamaliza shule, atamaliza chuo, ataoa, na farasi bado yuko bandani anangoja kiamsha kinywa.

Karatasi ile niliikunja vizuri nikaitia mfukoni, ndipo nikapiga simu.

Mwenye farasi alikuwa mama mmoja wa buti za mpira na maneno machache. Hakunikatalia. Alisema niwe nikija wikendi, nikae na huyo farasi chini ya saisi wake, yaani mtunza farasi, na siku saisi akiridhika nimchukue. Farasi aliitwa Sultani. Saisi alikuwa mzee mwembamba aliyelea farasi tangu ujana wake, na mwenye tabia ya kumwita "bosi" mtu yeyote asiyejua kitu.

"Bosi," alinianza, "umeamka asubuhi, farasi yuko chini anagaagaa, anageuka kutazama tumbo lake, jasho linamtoka. Unafanya nini?"

"Namchemshia tangawizi, mzee."

Akamtazama Sultani kwa huruma, kana kwamba anampa pole mapema. "Farasi hatapiki. Kilichoingia mdomoni kina njia moja tu ya kutokea, na hiyo ikiziba anaweza kukufia. Unampigia daktari kabla hujavaa suruali."

Kisha kwato. Unasimama kando ya bega, uso wako unaelekea mkiani, unapapasa mguu kutoka juu kwenda chini, naye anainua. Sultani aliinua bila ubishi. Nikawa nakwangua matope kwa kichuma, nikiikwepa ile sehemu laini ya pembetatu katikati, hata nikaanza kujisikia fundi. Taratibu nikahisi uzito unaongezeka. Kumbe ananiegemea! Mnyama ana miguu mitatu mizima chini, na ameamua wa nne ni mimi. Nilipomwachilia, aliuteremsha wake kwa adabu, juu ya wangu.

Watu hudhani ukikanyagwa na farasi utapiga mayowe. Wapi! Unaongea kwa sauti ya chini, ya upole, unamwita kwa majina ya heshima. "Sultani. Baba. Tafadhali." Yeye anatazama mbali, anatafuna.

"Msukume begani, bosi," saisi alisema bila kuacha kufagia. "Ukivuta mguu hautoki."

Mguu ulipopungua uvimbe niliruhusiwa kumtandika mwenyewe. Agizo lilikuwa fupi: "Kaza, mtembeze, kaza tena." Lina sababu yake. Farasi mjanja akiona mkanda wa tandiko unamjia tumboni, huvuta pumzi akajaza kifua. Wewe unakaza, unaona umebana, unajipongeza. Akipiga hatua chache anaachia pumzi, na mkanda unabaki pambo. Ufafanuzi huo wote nilipewa baadaye, nikiwa natolewa miba. Wakati ule nilikuwa nimeshakaza mara moja na kupanda kutoka juu ya kreti ya soda, huku saisi ameingia bandani kumtoa farasi wake. Sultani hakuona haja ya kumngoja.

Tukatoka langoni hadi barabara ya vumbi, ua wa miba wa kayaba kushoto, kayaba kulia. Nataka niseme ukweli: juu kule ni kuzuri. Unaona ndani ya maboma ya watu, nani ameanika nini. Kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja na vitambaa vyao vyeupe kichwani, nikawapungia mkono taratibu, mkono wa mtu mwenye mali.

Lori la mchanga likapita, Sultani hakugeuza hata sikio. Bodaboda zikampita puani, kimya. Ndipo kwenye kayaba kukawa na mfuko wa plastiki, ule mweusi mwembamba uliopigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Miaka yote hiyo ulikuwa umejificha wapi, polisi wanajua. Siku hiyo uliamua kutikisika. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, kwa hiyo aliuona kabla yangu. Akaruka kando hatua moja. Moja tu! Mwenye tandiko lililokazwa angebaki juu akaendelea na salamu zake. Langu lilianza safari.

Nilianguka kwa awamu. Kwanza barabara iliinama. Kisha kikuku cha tandiko, kile cha kukanyagia, cha kulia kikateremka kuelekea tumboni mwa farasi, nami nikakifuata, nimekumbatia shingo. Ilifika mahali kichwa changu kikawa sawa na goti la Sultani, na kina mama wamefika usawa wangu, na salamu zao bado sijazipokea.

"Yesu wangu," mmoja akasema.

"Mwache," mwenzake akamjibu, "labda ndivyo wanavyopanda."

Kayaba ikanipokea. Sultani, tandiko likiwa limemning'inia chini ya tumbo, akarudi nyumbani kwa mwendo wake wa ujana.

Kijana wa bodaboda alinitoa kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa unarekodi. Alifurahi kweli. "Bosi, wewe ndiye abiria wangu wa kwanza kuja na helmeti yako." Nilipanda kwa kukaa upande, kwa sababu ambazo kina mama walishaziona.

Zizini nilimkuta Sultani amevuliwa, anakula. Saisi alikuwa amechuchumaa anampapasa miguu yote minne, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akainuka. "Yuko sawa."

Nikamwambia ahsante, mzee, ni maumivu madogo tu. Kumbe ripoti ilikuwa ya farasi.

Mwenye mali naye akaja na buti zake, akanitazama kutoka helmeti hadi viatu. "Sasa, unajionaje? Uko tayari?"

Nikamweleza kwamba, baada ya kufikiria sana, robo ekari ni ndogo. Saisi alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza akaniita kijana wangu. Akaniletea na gunia la samadi ya farasi iliyooza vizuri, nikatie kwenye sukuma wiki za mama watoto, maana haifai mtu aje hivi arudi mikono mitupu.

Yule kijana wa bodaboda alikuwa bado langoni, anawaonyesha wenzake video. Akalitazama gunia, akanitazama. Gunia likakaa kwenye kiti, mimi nikasimama kwenye vikanyagio hadi Kiserian, na tulipofika akatutoza nauli ya abiria wawili.