Chati za lebo zilizopandana

Jamani, chati yenye majina 60 kwenye mhimili, yote yamepandana hadi yamekuwa utepe mweusi, inamsaidia nani? Mara nyingi chanzo ni tarehe zilizoachwa kama maandishi: Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora chati, inazichukua kama makundi na kuandika kila moja. Zigeuzeni ziwe tarehe halisi, yenyewe itachagua chache za kuonyesha. Na hizo rangi! Zile za kawaida ni 10 tu. Mstari wa 11 unarudia rangi ya kwanza, halafu msomaji anaambiwa afuate ufunguo wa rangi. Ataufuataje? Pakeni mistari yote kijivu, mnaouzungumzia ndio upate rangi, na jina lake liandikwe palepale unapoishia. Majina marefu? Lazeni pau. Kuandika amri ya barh (pau za kulala) badala ya bar (za kusimama) ni herufi moja tu zaidi!