Filta ya TV ya kichogo iwe ya PAL, ndiyo tuliyoiona

Wengi wanaocheza gemu za zamani kwenye kompyuta wanataka picha kali, kila nukta ionekane na ncha zake. Mimi sikubaliani nao hata kidogo; mimi nawasha filta, yaani programu inayoifanya picha ionekane kama ya TV ya kichogo.

Chukua gemu ya Sonic ya mashine ya Mega Drive, ya 1991. Maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari myembamba ya kusimama, mmoja una rangi, wa pili mtupu. Skrini ya leo inakuonesha pazia la ushanga. Kwenye TV ya kichogo, mwangaza na rangi vilipita pamoja ndani ya waya mmoja, ule wa pini ya njano, na TV haikuweza kuvitenganisha sawasawa. Mistari ikachanganyika, maji yakawa maji, na mwamba ukaonekana nyuma yake. Udhaifu wa waya ndio uliokamilisha mchoro.

Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya 1983, ndiyo zaidi. Chipu yake ya picha hutoa ishara ya televisheni moja kwa moja, bila ya kupitia nyekundu, kijani na buluu. Kwa hivyo rangi zake hazimo tayari ndani ya mashine; zilipatikana TV ilipoifumbua ile ishara. Ndiyo maana naiheshimu sana filta ya mtengeneza programu aitwaye Blargg: haipaki ukungu juu ya picha, inaijenga ishara upya kisha inaifumbua.

Lakini filta hiyo inaiga NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani. Zanzibar, tangu TV ya rangi ilipoingia miaka ya 1970, tulikuwa watu wa PAL, mfumo mwingine: mistari 625, mikupuo 50 kwa sekunde (mara ambazo skrini huchorwa) badala ya 60. PAL hugeuza awamu ya rangi (mpangilio wa wimbi linalobeba rangi) kila baada ya mstari, makosa yakafutana. Rangi hufifia kidogo, haipotoki. Na zile mashine za kaseti za njano zilizouzwa Darajani tulizichomeka kwenye tundu la antena, tukatafuta chaneli, tukapata picha na chenga zake. Kijana wa Michenzani akiwasha filta ya NTSC anaangalia utoto wa watu wengine.

RetroArch, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta, ina filta za PAL pia. Anza na hizo, weka mikupuo 50 kwa sekunde, ongeza chenga kidogo. Na kama nyumbani kwenu, Unguja au Pemba, bado kuna TV ya kichogo inayowaka, chomeka gemu kwa waya wa antena, piga picha za karibu za skrini, uzilinganishe na filta. Fanyeni hivyo kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajazichukua zote.